Pikipiki Mpya na Tajiri Mpya

Ndugu wafanya kazi,

Kila mtu aliyepita barabara kuu ya mji wetu wa Nakuru wiki hizi ameziona. Zimepangwa mstari mmoja mbele ya maduka, nyekundu, nyeusi na buluu, na viti vyake bado vimefunikwa nailoni. Ziko Bajaj Boxer na TVS za namna mpya, na karibu nazo zimesimama zile za stimu, ambazo hazina tangi la petroli wala mlio. Vijana wa duka wamevaa fulana za namna moja, muziki unapigwa tangu asubuhi, na bango kubwa linamwambia mpita njia alete kidogo leo na aondoke nayo leo.

Mimi si adui wa pikipiki. Kazi hii ilianza kwa baiskeli kule Busia katika miaka ya 1960, watu walipokuwa wakivushwa na mizigo yao baina ya mpaka wa Kenya na mpaka wa Uganda, na jina la boda boda likatoka huko. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, na ndipo zilipojaa katika kila steji. Vijana wengi walipata riziki ambayo viwanda havikuwapa. Anayedharau pikipiki hajapata kutoka zamu ya usiku na kwenda nyumbani kwa miguu katika mvua.

Lakini neno langu leo si juu ya uzuri wa pikipiki. Ni juu ya karatasi inayotiwa sahihi kabla injini haijawashwa. Nalisema sasa kwa kuwa mwisho wa mwezi huu baadhi ya wenzetu wataachishwa kazi kwa sababu kazi imepunguzwa, nao watapewa haki zao. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema malipo ya kupunguzwa kazi yasiwe chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mtu aliyefanya kazi miaka 12 atapata siku 180, yaani mshahara wa miezi 6. Hiyo ndiyo miaka 12 ya jasho lake. Na wauzaji wa pikipiki wamekwisha kusikia habari hiyo. Mara mbili nimewaona nje ya lango letu wakigawa karatasi za matangazo wakati zamu zinapopishana.

Tafadhali nisikilizeni habari ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Alichukua pikipiki katika duka moja, duka gani si kitu. Alitoa malipo ya kwanza, akaambiwa atalipa kila siku kwa simu kwa muda wa miezi 18. Alilipa zaidi ya mwaka mzima bila kukosa. Halafu akashikwa na malaria, akalala siku tano. Siku ya sita aliamka, akaenda kuwasha. Alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi: "Shikamoo mjomba. Pikipiki imekataa." Nikamwuliza kama petroli imekwisha. Akasema, "Hapana, mjomba. Wameizima wao, kutoka ofisini."

Ndani ya pikipiki ile kilikuwamo kifaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo na cha kuifunga kutoka mbali. Kilikuwa kimeandikwa katika mapatano, kwa maneno ya Kiingereza na herufi ndogo. Baada ya siku chache walikuja watu wawili wakaipakia katika pikapu. Miezi miwili baadaye kijana aliiona katika steji nyingine, mtu mwingine amekaa juu yake. Aliitambua kwa madigadi ya nyuma, ambayo yeye mwenyewe aliyashona kwa waya yalipopasuka. Yule mpya naye alikuwa akilipa kila siku.

Basi tufanye hesabu. Tuseme bei ya pikipiki kwa fedha taslimu ni shilingi 200,000. Unatoa 30,000 kwanza, kisha 500 kila siku kwa siku 540. Mia tano kwa siku huonekana kitu kidogo, kama bei ya chakula na chai. Lakini 500 mara 540 ni 270,000. Ongeza zile 30,000 za kwanza, utapata 300,000. Umenunua pikipiki moja kwa bei ya pikipiki moja na nusu. Bango la dukani litakuonyesha zile 30,000 na zile 500, lakini ile 300,000 utaitafuta sana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi harusi hufanywa asubuhi moja dukani, na matanga hudumu siku 540, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Ndugu zangu, huyu ni nani ambaye tunamwamkia kila siku kwa shilingi 500? Sisi wa viwandani tunamjua tajiri wetu. Tunagombana naye juu ya mishahara, lakini akituajiri sheria inamfunga. Tukiugua, kuna siku za ugonjwa. Kuna likizo. Tukiumia kazini, kuna Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Kila mwezi hana budi kupeleka sehemu yake katika NSSF. Lakini mwenye pikipiki ya deni amepata tajiri wa namna nyingine. Tajiri huyu hamlipi, bali hulipwa. Anajua mtu wake yuko barabara gani na saa ngapi, na aweza kumsimamisha kazi kwa kubonyeza kidole. Mtu wake akiugua, hiyo si shauri yake. Akianguka na kuvunjika mguu, deni halivunjiki. Na kijana mwenyewe akiulizwa, atasema kwa fahari kwamba amejiajiri.

Mtu atanijibu: "Wewe unasema hivyo kwa sababu una mshahara. Maskini hana 200,000 mkononi. Bila mkopo angebaki kukaa kibarazani." Ni kweli, wala sitaki kulificha neno hilo. Wako wengi waliomaliza deni, wakapata logbuku kwa jina lao, na leo wanasomesha watoto. Anayekopesha naye ana haki ya kupata faida, na ana hofu yake, kwani pikipiki huibwa na watu hutoroka. Sisemi mkopo ni dhambi. Nasema mkopo ni mapatano, na kazi ya chama cha wafanya kazi tangu zamani ni mapatano. Hatukuwaacha wenzetu waingie ofisi ya tajiri mmoja mmoja kuomba nyongeza ya mshahara. Mbona tunawaacha waingie duka la pikipiki mmoja mmoja?

Tena iko sheria ambayo wengi hawaijui. Kenya ina sheria ya kununua kwa kukodi, Sura ya 507, iliyotungwa mwaka 1968. Sheria hiyo inasema kwamba mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei yote ya mapatano, mwenye mali hawezi kumnyang'anya kwa nguvu zake mwenyewe, ila aende kortini kwanza. Katika hesabu yetu theluthi mbili ni 200,000, nazo hutimia siku ya 340. Lakini angalieni sana: ni mapatano ya namna hiyo tu yanayolindwa na sheria hiyo, na karatasi nyingine huandikwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza dukani ni hili: haya ni mapatano gani? Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, ambayo inamtaka anayekopesha ampe mkopaji maelezo ya deni kwa maandishi. Si hisani ya duka. Ni haki yako kabla hujatia sahihi.

Sasa juu ya hizi za stimu. Nazisifu kwa moyo wangu wote. Hazitaki petroli, ambayo hutoka ng'ambo na bei yake hupanda bila kutuuliza. Hazitaki oili ya injini. Stimu yetu nyingi hutoka katika maji ya mito, upepo, na mvuke wa ardhini, na mvuke wenyewe unachimbwa Olkaria, hapa hapa karibu nasi. Kigali biashara ya kubadilisha betri za pikipiki ilianza mwaka 2019, na sasa imefika katika miji yetu. Unaingia kituoni, unatoa betri iliyokwisha, unapewa iliyojaa, na kwa dakika chache uko barabarani.

Lakini tuulize betri ni ya nani. Katika mapatano mengi pikipiki ni yako na betri ni ya kampuni. Ndiyo maana bei ya kuanzia ni rahisi. Ni kama kuuziwa ng'ombe na kiwele kikabaki cha jirani: utamlisha wewe, na kila siku utanunua maziwa kwa bei ya jirani. Betri ya kampuni moja haiingii kwa kawaida katika pikipiki ya kampuni nyingine. Bei ya kubadilisha ikipanda, huwezi kuvuka barabara kwenda kwa mwingine, kama mtu wa petroli anavyoweza. Kampuni ikihama mji au ikifunga kazi, utabaki na chuma kizuri kisichokwenda. Ziko namna nyingine ambazo mwenyewe aweza kumiliki betri na kuichaji nyumbani. Hizo huwa ghali zaidi mwanzoni, lakini ulizeni habari zake, na mlinganishe kwa kalamu, si kwa macho.

Basi tufanye nini? Yako mambo manne, na yote tunayaweza.

Kwanza, mtu yeyote wa chama asitie sahihi siku ile ile. Chukua karatasi ya mapatano, uilete katika ofisi ya tawi. Duka likikataa kukupa karatasi uende nayo nyumbani, umekwisha kupata jibu lako. Kama imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, wako wenzetu watakaokusomea na kukueleza kwa Kiswahili.

Pili, tukienda dukani tuulize maneno haya, na majibu yaandikwe: Bei yote ni kiasi gani mpaka shilingi ya mwisho? Nikiugua siku saba, itakuwaje? Nikitaka kumaliza deni mapema, nitapunguziwa kiasi gani? Logbuku iko kwa jina la nani, na itakuwa yangu siku gani? Pikipiki yaweza kuzimwa bila kunipa taarifa? Kama ni ya stimu, betri ni ya nani? Kama ni ya petroli, spea za namna hii mpya zinapatikana mjini au huagizwa Nairobi?

Tatu, tutumie sako yetu. Sako nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mwenye kuweka 30,000 zake na kukopa 170,000 kwa miezi 18 atalipa kama 10,400 kwa mwezi, na pikipiki itamgharimu kama 217,000 yote pamoja. Yule wa duka analipa 15,000 kwa mwezi na kumaliza kwa 300,000. Tofauti ni shilingi 83,000. Fedha hizo ni karo ya shule, ni mabati ya nyumba. Wale wanaoachishwa kazi wakumbuke kuuliza habari za sako kabla akiba yao haijafungwa, kwani wengi hukimbilia kutoa akiba yote, kisha huenda dukani kukopa kwa bei kali.

Nne, tununue pamoja. Mtu mmoja akiingia dukani ni mteja wa bahati. Watu kumi wakiingia na fedha taslimu kutoka sako, mwenye duka huagiza viti na soda. Hapo ndipo tutakapozungumza juu ya bei, kofia za kukinga kichwa, koti za kung'aa na matengenezo ya miezi ya kwanza. Na madereva wa boda boda, ambao wengine ni watoto wetu, tusiwaone kama watu wa nje ya mambo ya wafanya kazi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Milango yetu na iwe wazi kwao.

Mpwa wangu sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea fungu lake kila jioni. Nilimwuliza kama bado anataka yake. Akaniambia, "Nataka, mjomba, lakini safari hii utakuja na mimi." Nimekubali, na Jumamosi nitakuwa ofisi ya tawi kuanzia saa tatu asubuhi, pamoja na karani wa sako na mashine ya hesabu. Wenzetu mnaotoka mwisho wa mwezi, njoni kabla hamjapita dukani. Zile pikipiki hazitakimbia. Zitakuwa pale pale Jumatatu, na nailoni zake juu ya viti.

Ndimi ndugu yenu,
Mwakilishi wa wafanya kazi, zamu ya usiku