Jina Lenye Ritifaa

Katika chama chetu cha kompyuta imezuka hoja, nami naomba nafasi niseme yangu. Muhula huu tuliandika programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba kwa lugha ya PHP, na orodha zote tukaziweka katika hifadhidata ya MySQL. Siku mbili ilikwenda vyema. Siku ya tatu akaja mwanafunzi wa kidato cha pili, jina lake la ukoo Ng'ang'a, akataka kitabu. Programu ikagoma.

Sababu yake ni hii. Tulikuwa tumeunganisha jina na amri ya SQL katika sentensi moja, na katika SQL jina hufungwa kwa ritifaa mbili, moja mwanzo na moja mwisho. Basi ritifaa ya kwanza ya jina lile ikahesabiwa kuwa ndiyo mwisho wake, na herufi zilizobaki zikasomwa kama amri.

Wenzangu wengi wakasema, "Aandikwe Nganga, yaishe." Mimi siafiki hata kidogo. Si haki mtu akatwe jina ili kuficha uvivu wetu; na vitabu vyenye neno ng'ombe tutavifanyaje? Tena tundu litabaki pale pale. Jioni ile ile niliandika mahali pa jina maneno haya: ' OR '1'='1, nikaletewa orodha nzima ya walioazima, nami nikiwamo, na vitabu viwili vilivyopita siku zake. Mtu mwovu angeweza makubwa zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk huko Uingereza iliibiwa habari za wateja wapatao 157,000 kwa njia ya namna hiyo, na mwaka 2016 ikatozwa faini ya pauni 400,000.

Dawa ipo, wala si ngeni, maana mysqli imo katika PHP tangu 2004. Amri hutangulia peke yake, ikiwa na alama ya kuulizia mahali pa jina. Jina hufuata nyuma, nalo haliwezi tena kugeuka amri. Kazi inayoongezeka ni mistari miwili mitatu tu.

Nimekwisha kuiandika upya sehemu ya kuazima. Ya kurudisha ingali vile vile. Nawaomba wanachama waniruhusu niimalize kabla shule haijafungwa, na Ng'ang'a apewe kitabu chake kwa jina lake.