SIMULIZI ZA KUTISHA: UKIMALIZA KUSOMA, HOFU YAKO IMEISHIA WAPI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Mama mmoja ameniandikia wiki hii. Kijana wake wa miaka 14 hasomi kitu siku hizi ila simulizi za kutisha kwenye simu. Sasa halali mpaka taa iwake, na Alfajiri inampita kwa sababu anaogopa kutoka uani kutia udhu. Mama anauliza: "Sheikh, simulizi hizi ni haramu? Nimnyang'anye simu?"

Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Ndugu yangu, tusihukumu kabla ya kujua. Simulizi za kutisha si kitu kimoja. Zina mila na mitindo mbalimbali, na kila mtindo unaipeleka hofu ya msomaji mahali pake. Kipimo ninachokupa ni kimoja tu: ukifunga kitabu, hofu yako imeishia wapi?

1️⃣ ZIMWI LA BIBI

Sisi tumekuzwa na zimwi. Nani hakukisikia kisa cha binti aliyerudi ufukweni peke yake kufuata kombe lake? Zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye vijijini akiimba ili lenyewe lipate kulishwa. Mwisho wazazi wanaitambua sauti ya mtoto wao, wanamtoa, na zimwi linapata malipo yake.

Angalia hofu ile ilivyowekewa uzio. "Paukwa" na "Pakawa" zilitujulisha mapema kwamba hii ni ngano. Bibi alikuwa pembeni yako, zimwi lilishindwa, nawe ukajifunza usijitenge na wenzako. Kisha ukalala.

2️⃣ MTU ANAYEJIFANYA MUUMBA

Wazungu nao wana mila yao: kasri kuukuu, usiku, na maiti asiyetulia kaburini. Kitabu kimoja mashuhuri katika hizo ni Frankenstein cha Mary Shelley wa Uingereza, kilichotoka mwaka 1818. Alianza kukiandika akiwa na miaka 18. Wengi wanadhani Frankenstein ni jina la lile dubwana. Sivyo. Ni jina la kijana msomi aliyelitengeneza, kisha akalikimbia. Dubwana halikupewa jina kabisa.

Muislamu hakubali kwamba kiumbe anaweza kuumba. Lakini soma vizuri: anayetisha pale ni mwanadamu mwenye elimu bila unyenyekevu, anayeanzisha jambo kisha akakataa dhamana yake. Hofu hiyo inakurudisha kwenye nafsi yako. Ina faida.

3️⃣ MZIMU UNAOFICHULIWA

Huu ni wa kwetu hasa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Maiti inaonekana kwenye mzimu, mahali ambapo watu wanapaogopa na kupapelekea sadaka. Watu wanatetemeka. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, anauliza, anapima, na mwisho unamjua muuaji: ni binadamu, mwenye tamaa zake.

Misri walikuwa na Ahmed Khaled Tawfik, daktari aliyefariki mwaka 2018. Kuanzia mwaka 1993 aliwaandikia vijana vitabu vidogo vidogo vya kutisha, na shujaa wake ni daktari mzee, mgonjwa mgonjwa, asiyekubali jambo upesi. Vijana wengi wa Kiarabu walianza kupenda kusoma kupitia kwake.

Hofu ya namna hii inaishia kwenye akili. Inakufundisha kuuliza kabla ya kuamini.

4️⃣ "KISA CHA KWELI"

Hapa ndipo ninapokusimamisha.

Simulizi inayosambaa kwenye simu inaanza na maneno haya: "Hiki ni kisa cha kweli." Jini mahaba, mke wa kuzimu, jirani mchawi. Sehemu ya 1 mpaka ya 40, lipia upate inayofuata. Humo kimepachikwa kitu kinachoitwa hadithi ya Mtume ﷺ ambacho hukikuti katika kitabu chochote. Na mwisho, shujaa anaokolewa na nani? Na mganga! Wakati mwingine namba yake ya simu iko pale chini.

Huo uzio wa bibi uko wapi? Umeng'olewa. Ngano imeitwa habari, na habari ya uongo ni uongo.

Usiseme "ni burudani tu". Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka mpaka Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto. Hofu ile haikuishia kwenye kukosa usingizi. Mtu mmoja mwenye maradhi ya akili alidhaniwa ndiye Popobawa, akauawa na kundi la watu. Na Usukumani, na Kilifi kule Kenya, vikongwe wangapi wameuawa kwa tuhuma za uchawi? Wengine kwa kosa la macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini wakipikia watoto wao!

Kila anayemchora bibi kizee kuwa mchawi, kisha akaapa kwamba ni kweli, ajiulize ananoa panga la nani.

Sisi tunaamini majini wapo, na uchawi upo. Lakini Allah ametueleza katika Surat al-Baqarah, aya ya 102, kwamba wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini Yake. Katika Aal Imran, aya ya 175, ametufahamisha kuwa shetani ndiye anayewatisha watu kwa marafiki zake, na akatuamrisha tumwogope Yeye. Na Surat al-Jinn, aya ya 6, inataja watu waliojikinga kwa majini. Hawakupata amani, walizidishiwa balaa.

Na Mtume ﷺ, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amekataza Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Sababu ilikuwa kamba tu, aliyochukuliwa mtu usingizini akashtuka. Je, wewe unayemtumia mwenzio saa sita za usiku sauti ya "jini" na onyo kwamba asiposambaza atafiwa?

MAMA, JIBU LANGU NI HILI

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu visa vya kubuni. Ninaloliona mimi ni kuwa kisa kinachojulikana kuwa cha kubuni, kisicho na shirki wala uchafu, kina nafasi. Kinachodai ukweli kwa uongo, kikampeleka mtu kwa mganga, kiache.

Usianze na simu. Kaa naye, akusomee kimoja kwa sauti, muulize: "Nani aliyekuokoa hapa? Kweli Muislamu anaokolewa hivyo?" Mtafutie kitabu cha Bwana Msa. Usiku msome pamoja Ayatul Kursiyyu na Mu'awwidhatayn. Na Alfajiri, kwa siku chache, toka naye uani. Simama pembeni yake mpaka amalize udhu, kama bibi alivyokaa pembeni yetu.

Allah azijaze nyoyo za watoto wetu hofu Yake, na atuondolee hofu ya kila kisichoweza kutudhuru ila kwa idhini Yake. Aamin.

Wallahu a'lam.