Lugha Zetu Ziingie Katika Kompyuta kwa Mikono Yetu

Mizigo mingi inayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura huingia nchini kwa njia ya Kobero, katika tarafa ya Butihinda, mahali ambapo Burundi inapakana na wilaya ya Ngara ya Tanzania. Butihinda ilikuwa chini ya mkoa wa Muyinga mpaka mageuzi ya mwaka 2025 yalipoiweka katika mkoa mpya wa Buhumuza. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini lugha za mpakani hazikubadilika. Dereva na utingo wake husema Kiswahili. Mkulima na mchuuzi husema Kirundi. Na walio wengi husema zote mbili bila taabu. Hata hivyo, siku hizi ambapo hati huandikwa katika kompyuta na fedha husafiri kwa simu, lugha ambayo mwananchi huyo huyo hukutana nayo katika kioo cha mashine mara nyingi ni Kifaransa au Kiingereza.

Jambo hili si dogo. Mama anayekopa fedha kwa simu, akabonyeza kukubali chini ya masharti asiyoweza kuyasoma, amefunga mkataba kamili. Akikosea, mashine haimwonei huruma. Hapo ndipo lugha inapoacha kuwa pambo la utamaduni na kuwa suala la haki na la mfuko wa mtu.

Kazi ya kuzitia programu za kompyuta na simu katika lugha za watumiaji wake wataalamu huiita ujanibishaji. Wako wanaodhani kwamba ni kazi ya kukaa na kamusi na kubadili neno moja kwa jingine. Sivyo. Fundi wa programu huyatoa maneno yote yanayoonekana kiooni na kuyapanga katika orodha, naye mfasiri huyapokea vipande vipande, mara nyingi bila kuona mahali yatakapokaa. Kiingereza kinaweza kutumia neno moja kusema kwamba vitu vimefutwa, viwe barua, picha au watu. Kiswahili hakikubali: picha zimefutwa, vitabu vimefutwa, majina yamefutwa. Kirundi nacho kina ngeli zake, umuntu na abantu, igitabu na ibitabu. Basi programu iliyotungwa bila kufikiria ngeli haina budi kufunguliwa na kutengenezwa upya, la sivyo itasema lugha ya mtoto anayejifunza kutamka.

Kuna na suala la saa. Kwetu saa mbili asubuhi ni wakati ambao saa ya mashine huandika 8:00. Mgonjwa aliyeagizwa na simu yake kumeza dawa saa mbili anaweza kuimeza saa sita kabla au baada ya wakati wake. Haya hayajulikani na mtu aliye mbali, hata awe na shahada ngapi. Yanajulikana na mwenye lugha.

Historia ya dunia inaonyesha kwamba nchi ndogo yaweza kuifanya kazi hii kuwa kiwanda kikubwa. Ayalandi ni nchi ya watu wachache kuliko Burundi. Iliingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973, ikaweka kodi ya asilimia 10 tu juu ya faida ya viwanda, na makampuni ya Marekani yakavutiwa. Mwaka 1985 Microsoft ilifungua kiwanda Dublin, na wengine wa namna yake walikuwako pia. Kwanza kazi ilikuwa kunakili visahani vya kompyuta na kuchapa vitabu vya maelezo. Lakini kitabu kinachokwenda Ujerumani lazima kiwe cha Kijerumani, na kinachokwenda Ufaransa kiwe cha Kifaransa. Pakazuka wafasiri, wahariri, wapimaji na mafundi, na katika miaka ya 1990 Ayalandi ikawa kitovu cha ujanibishaji duniani. Chuo Kikuu cha Limerick kikaifanya kazi hiyo kuwa somo la utafiti.

Mfano huo una fundisho na una onyo. Fundisho ni kwamba ustadi huzaa ustadi: aliyeanza kwa kufunga visanduku alimaliza kwa kutengeneza programu. Onyo ni kwamba kiwanda kilichojengwa juu ya lugha za watu wengine huweza kuhama. Visahani na vitabu vilipotoweka, na nchi nyingine zilipotoa wafanyakazi wa bei nafuu zaidi, sehemu kubwa ya kazi iliondoka. Nacho Kiayalandi, lugha ya wenyeji, hakikuwamo katika lugha za kwanza kushughulikiwa. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nchi nyingine ndogo, Aisilandi, ilishika njia tofauti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na watu wasiofika 300,000, na Microsoft haikuona faida ya kuwatafsiria. Serikali haikukata tamaa. Mwaka 1999 ilifanya mapatano: yenyewe itapiga vita unakili haramu wa programu, nayo kampuni itaitoa Windows 98 kwa Kiaisilandi. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12, ambao karibu wote hukisema Kirundi. Tena Kiswahili tunacho pamoja na mamilioni mengi ya majirani zetu. Ni nani basi atakayesema kwamba sisi ni wachache mno?

Hata hapa Afrika Mashariki hatuanzi patupu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayosema Kiswahili, isiyolipiwa. Haikupita muda mrefu Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Mwaka 2009 Facebook ikaingia Kiswahili kwa kazi ya wafasiri wa kujitolea. Jirani zetu wa Rwanda, kupitia kampuni ya Digital Umuganda ya Kigali, waliwakusanya wananchi kusoma sentensi kwa sauti ili mashine zijifunze kukisikia Kinyarwanda, wakaweka katika hazina ya Mozilla zaidi ya saa 2,000 za sauti. Na mwezi Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mpigo katika mashine yake ya kutafsiri, Kirundi kikiwamo.

Habari hiyo ya mwisho tuipokee kwa furaha, lakini kwa macho mawili. Lugha yetu imeingia katika mashine, nao uamuzi wa jinsi ya kuiingiza ulifanywa mbali na hapa. Mashine hujifunza kwa maandishi inayoyakuta, na ikikosea haijui kwamba imekosea. Anayejua ni msemaji. Kwa hiyo kuwako kwa mashine hakuondoi kazi ya mtu; kunaibadilisha, kutoka kuandika hadi kusahihisha, kupima na kuamua. Kazi hiyo itafanywa na mtu fulani. Tunataka awe kijana wa Muyinga, wa Gitega na wa Bujumbura, tena awe analipwa.

Yapo mambo matatu ambayo, kwa maoni yetu, hayangoji.

La kwanza ni maneno. Tanzania ina Baraza la Kiswahili tangu mwaka 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili huko Zanzibar. Hata hivyo wataalamu wengine walisema tarakilishi, wengine ngamizi, na wananchi wakasema kompyuta. Wananchi walishinda. Tukiunda istilahi za Kirundi na kuchagua za Kiswahili, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Burundi wakae meza moja na makarani wa forodha, waalimu, wauguzi na wauza vocha. Neno ambalo mchuuzi wa Kobero au mkazi wa Buyenzi hawezi kulielewa mara ya pili kulisikia halifai, hata liwe na asili tukufu namna gani.

La pili ni ununuzi. Serikali ndiye mteja mkubwa wa programu katika nchi yoyote changa. Kila programu inayonunuliwa kwa fedha za umma, iwe ya kodi, ya hospitali au ya shule, mkataba wake useme wazi kwamba itasema na mwananchi kwa Kirundi, na mahali inapowahusu wasafiri na wafanyabiashara wa mipakani, kwa Kiswahili pia. Orodha za maneno zitakazotokana na kazi hiyo ziwe mali ya umma, ili kampuni changa ya kesho isianze upya kwa gharama. Sharti hilo moja laweza kuzaa soko ambalo hotuba mia moja haziwezi kulizaa.

La tatu ni ujira. Kujitolea ni tabia njema, lakini hakuna kiwanda duniani kilichosimama juu ya kujitolea peke yake. Wala ujira wenyewe usiwe wa kudhalilisha. Mwaka 2023 dunia ilisoma habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kusoma maandishi machafu ili mashine zifundishwe kuyakwepa. Hatutaki kiwanda cha namna hiyo. Mfasiri na mpimaji wa programu wawe na mkataba, mafunzo, na jina lao katika kazi waliyoifanya.

Wako watakaotujibu kwamba dawa ni rahisi zaidi: kila mtu ajifunze Kiingereza. Sheria ya mwaka 2014 ilikiweka Kiingereza pamoja na Kirundi na Kifaransa kuwa lugha rasmi, nasi hatupingi. Fundi wa programu hana budi kukijua. Lakini mkulima wa maharagwe wa Butihinda hana wajibu wa kujifunza lugha ya bara jingine ndipo ajue salio lake mwenyewe. Chombo ndicho kinachopaswa kumfuata mtumiaji. Jembe hutengenezwa kulingana na mkono, wala mkono haukatwi ulingane na jembe.

Ni kweli kwamba kazi hii inataka umeme usiokatika, intaneti ya bei nafuu na subira. Lakini malighafi yake kubwa haichimbwi wala haiagizwi kutoka ng'ambo. Ni lugha, nayo tunayo. Mpaka wa Kobero umewafundisha watu wake, kizazi baada ya kizazi, kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine kila siku kwa riziki yao. Mpaka sasa ustadi huo haujahesabiwa kuwa ni ustadi. Wakati umefika wa kuuhesabu, kuufundisha na kuulipa, kabla wengine hawajatuuzia lugha yetu wenyewe.