Safari ya Malindi na Mkeka wa Mama



Baada ya kumshukuru Allah Subhanahu wa Taala na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya matembezi ya familia. Likizo imekaribia, na nyumba nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe zapanga kwenda kupunga upepo.

Likizo iliyopita tuliwachukua ahli zetu hadi Malindi, kumzuru shangazi yetu ambaye ni mtu mzima. Ni mwendo wa kilomita 120 hivi: wapita Mtwapa, wavuka daraja la Kilifi, kisha Gede, na umefika. Mji ule ni wa kale na wa utulivu. Karibu na Msikiti wa Juma yamesimama makaburi ya nguzo ya wazee wetu, na biashara yake ilikuwa imeshanawiri kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapo mwaka 1498.

Masafa hayo yamezidi kilomita 80 na ushei walizokadiria wanazuoni wengi. Basi msafiri, akishatoka mipaka ya mji wake, ana ruhusa ya kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Anuie kupunguza anapohirimia swala, na asiwe amenuia kukaa huko siku nne kamili. Akiswali nyuma ya imamu mkaazi, atatimiza nne.

Siku ya kwanza tulikwenda ufuoni. Watoto walicheza, nasi tulitembea mchangani na shemeji zetu tukizungumza. Jioni, kwa furaha, tukamuuliza mama watoto: "Je, bahari ya Malindi umeionaje?"

Akajibu kwa upole: "Baba watoto, mimi nimeuona mkeka."

Tulinyamaza. Ni kweli. Aliamka kabla ya Alfajiri kupika pilau na kukaanga samaki. Kule ufuoni akakaa kulinda vyombo, kupakua, kuwafuta watoto mchanga, na kuosha sahani. Sisi tulikuwa matembezini. Yeye alikuwa jikoni, ila jiko lilikuwa limehamishwa.

Usiku ule tulimkumbuka Mtume wetu (S.A.W.), ambaye safarini alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), akashindwa naye, na miaka baadaye wakashindana tena, akamshinda. Mtume aliyebeba jukumu la umma mzima alipata wasaa wa kumfurahisha mkewe. Sisi twabeba nini kinachotuzuia?

Siku ya pili tulikwenda Ziwa Jilore, bara ya Malindi, karibu na mto Sabaki. Hatukuwasha jiko. Tulinunua mahamri, tende na ndizi, na birika la chai tulilibeba sisi wenyewe. Mkeka ukalindwa na wanaume. Watoto pia tukawashika sisi, wala hatukuwaachia wasogee majini, kwani mto ule una viboko na mamba. Mama watoto na shangazi wakatembea taratibu kwenye ukingo, leso mabegani, wakitazama ndege wa majini. Shangazi akamweleza kuwa ule udongo unaoipaka bahari ya Malindi rangi ya kahawia wakati wa mvua huletwa na mto huo huo kutoka bara. Walirudi wakicheka kama wasichana wa chuoni. Kicheko kile hatukukisikia kwa muda mrefu, na twakiri kuwa sababu ilikuwa ni sisi.

Enyi akina baba, kabla ya kuuliza nauli, ulizaneni: nani atapika, nani atakaa na mtoto mdogo, na mama atatembea saa ngapi? Chagueni pahali penye sitara, ili wanawake wakae na waswali kwa utulivu. Nanyi akina mama, msione haya kusema mmechoka. Kusema kwa adabu si utovu wa shukrani.

Safari ikimpumzisha mmoja na kumchosha mwengine, haijawa matembezi ya familia.

Twamuomba Allah atie mapenzi na huruma majumbani mwetu. Amin. Wabillahi tawfiq.