Acheni Kutuamsha Saa Kumi Usiku

Kuna dini mpya kwenye magrupu ya waandishi, na ibada yake ni saa kumi usiku. Ukiuliza namna ya kumaliza riwaya, hujibiwi kuhusu riwaya. Unaambiwa uamke kabla ya jogoo, uzime simu, uandike maneno elfu moja, kila siku bila kukosa. Ukishindwa, basi wewe hupendi fasihi, unapenda tu kuitwa mwandishi. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi mno, na nimechoka nayo.

Nina sababu ya kukasirika. Mwalimu mmoja wa sekondari wilayani Muleba, dada ninayemheshimu sana, alikuwa na sura sita za riwaya. Nilizisoma kwenye basi nikitoka Bukoba, nikashtukia tumeshaipita Kemondo na sijui tumeipita saa ngapi. Baada ya miezi kadhaa nikamuuliza sura ya saba iko wapi. Akanijibu, "Kaka, mimi nimegundua si mwandishi. Nimejaribu hiyo saa kumi wiki mbili, nikawa nasinzia mbele ya wanafunzi."

Jamani! Mtu mwenye sura sita nzuri anajiona si mwandishi kwa sababu ya usingizi? Saa kumi na moja huyu dada ameshawasha moto. Kuna uji wa watoto, kuna maji ya kuoga, kuna ndizi za kumenya ili mchana wasilale njaa, halafu kuna kipindi cha kwanza. Anayemwambia aamke mapema zaidi hajawahi kujiuliza kwake ni nani anayewasha moto.

Mtume wao mkubwa ni Anthony Trollope, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyefanya kazi posta na bado akaacha riwaya 47. Hadithi yake wanaisimulia vizuri: saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake iko mbele yake, anajidai maneno 250 kila robo saa, kisha anaenda ofisini. Wanachoruka ni mambo ambayo Trollope mwenyewe aliyaeleza kwenye tawasifu yake. Alikuwa na mtumishi wa kumwamsha, akimlipa paundi 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi hiyo, na mzee yule hakuchelewa hata siku moja kuleta kahawa. Sisi wa Kagera kahawa tunailima wenyewe, ila wa kutuletea mezani alfajiri hatuna. Nipeni huyo mzee, kisha tuongee kuhusu nidhamu.

Na kwa nini twende mbali hivyo? Ng'ambo ya ziwa letu, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Sijawahi kumsikia msomaji wa Bwana Myombekere akiuliza mzee aliamka saa ngapi. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya mkoloni kwa miaka mingi, na Gurnah alifundisha chuo kikuu hadi alipostaafu. Kila mmoja aliandika ndani ya maisha aliyokuwa nayo.

Mimi nimejaribu mipango kadhaa, wiki tatu kila mmoja, na daftari la kuhesabu. Sihesabu saa nilizokaa. Nahesabu kurasa ambazo nikizisoma baada ya mwezi bado nazitaka. Alfajiri ya Bukoba ilinipa mbili tu. Mvua ya kutoka ziwani ikishaanza kupiga bati, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii, na ikikatika unakuta mhariri ameshapiga simu. Usiku baada ya saa nne nilijaza kurasa nyingi, lakini zote zilinuka habari. Wahusika wangu walikuwa wanaongea kama madiwani, kwa sababu mchana kutwa nilikuwa nimewasikiliza madiwani. (Msimu wa senene siuhesabu. Taa zikishawaka na watu wakatoka na ndoo, nani anakaa ndani kuandika?)

Kilichonishangaza ni basi. Kati ya Bukoba na Muleba, nikiwa na daftari dogo gotini, majibizano ya wahusika yalikuja yenyewe, maana nyuma yangu kuna bibi anabishana na konda kuhusu mkungu wake wa ndizi. Lakini kuunga sura kwenye basi haiwezekani. Kunahitaji utulivu wa Jumapili alasiri. Hapo ndipo nilipoona kwamba kuandika si kazi moja. Kuna kusikiliza, kuna kuandika rasimu, kuna kukata, na kila moja inaweza kutaka saa yake na kiti chake. Hiyo saa kumi usiku inazifunga zote kwenye kamba moja.

Najua mtasema anayejaribu mipango kila siku anakwepa kuandika. Wapo, na mimi nawafahamu. Ndiyo maana naweka kikomo cha wiki tatu, na kurasa ndizo zinazoamua. Lakini kung'ang'ania mwaka mzima mpango usiokupa ukurasa hata mmoja ni kukwepa vilevile, tofauti yake ni kwamba huyu anasifiwa.

Dada yangu wa Muleba sasa anarekodi sauti kwenye simu akitembea kwenda shuleni, halafu Jumamosi anayaandika. Sura ya saba ninayo. Ina kasoro, na tumebishana sana kuhusu mwisho wake.

Kwa hiyo nawaomba nyie mnaoendesha warsha na magrupu: futeni lile sharti la kutuma picha ya saa ya kuamka. Ombeni ukurasa. Na mkipanga warsha ijayo Jumamosi saa mbili asubuhi, semeni kwenye tangazo nani atabaki na watoto.