Kabla ya kubishana Hilux ama D-Max, uliza trela yako ina kilo ngapi

Vijana wengi wa huku Eastlands wakishika doo kidogo siku hizi hawafikirii tena nduthi wala duka la M-Pesa. Wanafikiria trela. Trela ya chipo na smocha, trela ya kahawa, trela ya kuosha magari yenye tangi la maji, trela ya spika na jenereta ya kukodisha kwa harusi na matanga. Pita Kariobangi Light Industries siku ya kazi uone mafundi wakichomelea fremu, cheche zikiruka hadi barabarani. Na sababu inaeleweka. Kibanda cha kando ya barabara kanjo wanaweza kukilaza chini asubuhi moja, lakini trela ukisikia wanakuja unaondoka nayo.

Shida ni hapo kwa "unaondoka nayo". Itavutwa na nini?

Kaa base yoyote kuanzia Umoja hadi Kayole uwasikize watu wakijibu hilo swali. Mmoja ni timu Hilux, mwingine timu D-Max, wa tatu ameona video za Ford za Marekani na hataki kusikia kingine. Kila mtu anaongea injini. "Hiyo ni three litre bana, inavuta nyumba!" Mimi naona mjadala wote umeanzia mahali pasipofaa. Pikapu karibu zote za dizeli zilizo barabarani kwetu zitaivuta trela yako. Kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama, na pikapu haiwezi kusimamisha trela nzito peke yake hata ikiwa na injini ya meli.

Ushahidi uko kwenye vitabu vya watengenezaji wenyewe. Double cab za kisasa za Hilux na D-Max zenye 4x4 hutangazwa kwamba zinavuta kilo 3,500. Hiyo namba imekaririwa mtaani kama nambari ya simu ya mamako. Ila kuna namba ya pili kando yake ambayo hakuna anayeitaja: kilo 750. Ya kwanza ni ya trela yenye breki zake. Ya pili ni ya trela isiyo na breki. Sasa rudi kwa ile trela inayochomelewa Kariobangi, iliyowekewa ekseli iliyong'olewa kwenye gari lililokufa. Ina breki? Mara nyingi fundi huweka ekseli tu na magurudumu, kwa sababu mteja hakuuliza. Kwa hiyo mtu ametoa mamilioni kununua pikapu ya kuvuta tani tatu na nusu, halafu kisheria ya fizikia anaruhusiwa robo tani tatu.

Na robo tani tatu inaisha haraka. Chukua trela ya chipo ya mita nne hivi, chuma na mabati, tuseme kilo 900 ikiwa tupu. Tayari tumepita. Weka tangi la maji la lita 500, hizo ni kilo 500, maana lita ya maji ni kilo moja na haina mjadala. Jenereta, friza na jiko la kukaangia, kilo 250. Magunia manne ya viazi ya kilo 50, hizo 200. Mafuta ya kupikia mitungi mitano ya lita 20, karibu kilo 90. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 13, ambayo si kilo 13, hizo ni za gesi peke yake na chuma hakijahesabiwa. Tumegonga tani mbili na bado hatujaweka soda.

Pikapu ya double cab yenyewe ni tani mbili hivi. Maana yake mvutaji na mvutwaji wako sawa kwa kilo, na mmoja wao hana breki.

Barabara ya Jogoo au Outering huenda usione shida. Kuna foleni, kuna matuta, unatembea polepole. Lakini trela hazikai mtaani. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, vijana hupeleka biashara huko kila rally ikifika. Na wengine hushuka bonde kwa barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano miaka ya 1940. Huo mteremko haujali turbo. Ukikanyaga breki za pikapu muda mrefu huku tani mbili zinakusukuma mgongoni, zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha mguu unashuka hadi chini na gari linaendelea tu. Na ukiongeza mwendo kutoka 40 hadi 80, nguvu ambayo breki lazima zimeze haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Wapenzi wa kuovateki wakumbuke hiyo hesabu.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwa breki za trela. Kuna aina ambayo trela ikiisukuma pikapu kwa nyuma, msukumo huo wenyewe unakaza breki za trela. Kuna nyingine ya umeme, dereva ana kidhibiti chake ndani ya kabini. Zote zinafaa. Ongeza minyororo miwili ya usalama pale mbele, ili kiungo kikichomoka trela isiende kutembelea wananchi peke yake. Gharama ya haya yote ni ndogo sana ukilinganisha na tofauti ya bei kati ya pikapu ya kawaida na ile yenye kromu unayoitamani.

Sasa tuje kwa video za Marekani, maana najua mnazitazama. Zile pikapu kubwa, F-350 na wenzake, huvuta trela za zaidi ya tani kumi kwa kutumia sahani ya chuma iliyofungwa ndani ya boksi la nyuma, juu ya ekseli. Waamerika huiita gurudumu la tano, na ni ile ile kazi ya sahani unayoona nyuma ya vichwa vya malori yanayopita Mombasa Road. Uzuri wake ni kwamba uzito unakaa katikati ya ekseli badala ya kuning'inia nyuma ya bampa, hivyo trela haichezi mkia na inakata kona vizuri zaidi. Nimeshaulizwa mara kadhaa kama fundi anaweza kuifunga kwa Hilux. Fundi wetu anaweza kufunga chochote. Swali ni kama Hilux itakubali.

Trela ya kawaida, inayofungwa kwa ndoano ya nyuma, huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwa pikapu. Ya gurudumu la tano huegemeza asilimia 15 hadi 25. Trela ya tani tatu basi inakuwekea kati ya kilo 450 na 750 juu ya ekseli. Double cab hubeba takriban tani moja, na hiyo inahesabu watu pia. Mkiwa watano wa kilo 70 mshakula 350. Fanya hesabu mwenyewe. Tena boksi la double cab ni fupi, karibu mita moja na nusu, kwa hiyo ukikata kona kali pale Umoja Innercore pembe ya trela inakuja kubusu kioo cha nyuma. Na ukisema basi niagize hiyo Ford yenyewe, nyingi huko kwao zina usukani wa kushoto na Kenya haisajili magari ya namna hiyo kwa matumizi ya kawaida. Gari kuukuu la kuagiza nalo lisizidi miaka minane. Hiyo ndoto tuiweke kando.

Kuna uchawi mwingine unaouzwa mtaani: kuongeza springi. Nyuma ikilala, fundi anaongeza majani mawili ya springi, gari linainuka, kila mtu anafurahi. Lakini springi hazikuongeza breki, hazikuongeza nguvu ya ekseli wala unene wa fremu. Zimeficha tu dalili. Pikapu iliyolemewa nyuma huinua pua, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli, na taa zinamulika ndege. Ukiona hivyo punguza mzigo. Springi ziache.

Na injini? Nimeichelewesha makusudi. Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, hutoa nguvu ya kusokota ya karibu 285 kwa kipimo cha Nm. Hilux mpya ya 2.8 ya automatiki hutoa 500. Kwa hesabu za base, Cruiser ingekuwa takataka. Lakini uliza mtu yeyote anayefanya kazi za Kaskazini mwa Kenya angechagua ipi kuvuta kitu kizito siku nzima. Cruiser ni nzito, ekseli zake ni nene, fremu yake haina mzaha. Shida yake ni bei, ambayo inatosha ploti mahali fulani Kangundo Road, kwa hivyo sitakuhubiria uinunue.

Mimi ningechagua hivi. Trela yako ikiwa na mzigo haizidi kilo 750, usijisumbue, pikapu yoyote nzima itafanya. Kuanzia hapo hadi tani mbili, weka breki kwenye trela kisha tafuta single cab ya dizeli, D-Max ama Hilux, ile inayosema ukweli kuhusu kazi yake. Single cab hubeba zaidi, boksi lake ni refu, na vipuri vyake viko Kirinyaga Road kila duka la pili. Najua haipigi picha vizuri. Ukifika tani mbili na nusu, tatu, hapo ndipo double cab ya 4x4 ya tani tatu na nusu inapata sababu ya kuishi, lakini ujue pia kuna kikomo cha pikapu na trela kwa pamoja, na kwa pikapu nyingi huwezi kujaza zote mbili. Namba hizo ziko kwa kibao, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango. Kupita hapo unahitaji lori. Chukua Canter, paki jiko lako mgongoni, usahau mambo ya kuvuta.

Ukienda kununua pikapu iliyotumika, lala chini yake. Tazama fremu pale springi za nyuma zinapofungwa, kama kuna ufa ama alama ya kuchomelea ambayo muuzaji hakukutajia. Panda kilima ukiwa na mzigo, usikie klachi. Muuzaji akikataa lijaribiwe na mzigo, mwache na gari lake.

Makaratasi nayo. Trela husajiliwa kivyake na hupewa namba inayoanza na Z, hivyo usidhani namba ya pikapu inatosha. Angalia daraja la leseni yako kwa NTSA kabla ya kufunga kitu nyuma, na uulize bima waziwazi kama trela imo. Polisi wa Mlolongo watauliza kabla yako.

Halafu kuna swali ambalo chama nyingi huruka kwa sababu pikapu ni tamu kuwa nayo: trela yenyewe inasonga mara ngapi? Nyingi hukaa pale pale nje ya stage ama geti la chuo wiki tatu mfululizo, huku pikapu ya mkopo ikipelekea mtu sokoni na kanisani, na benki ikihesabu siku. Chukua kalamu, andika safari za miezi mitatu iliyopita ambazo trela ilivutwa kweli. Zikiwa sita, weka breki kwa trela na utafute namba ya msee wa Canter.