Nzi Mzito Si Dhambi

Wasee, leo naongea na kundi moja tu: wale wanaosema ukifunga nzi mwenye kichwa cha shanga ya chuma, basi wewe huvui, unatupa mawe. Nimechoka nanyi. Na nimechoka zaidi na vile mnafundisha.

Kwa wale hawajui tunaongea nini: unavua trauti kwa ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu. Huyo ndiye nzi. Ni mwepesi, huwezi kumrusha peke yake. Unachorusha ni mshipi wenyewe, ule mnene, naye anavutwa nyuma kama trela tupu. Ndiyo maana karibu kila video ya YouTube inafunza kitu kimoja: peleka fimbo kati ya 10 na 2 (saa ya ukutani hiyo, usianze kuhesabu saa zetu), simamisha ghafla, mshipi uchore kitanzi chembamba hewani, tena na tena. Inakaa poa kwa kamera, siwezi kataa.

Sasa funga shanga ya tangsteni ujaribu hiyo ngoma. Kipande cha tangsteni cha sentimita moja kila upande kina gramu 19, risasi ya ukubwa huo ina 11. Trela imejaa mchanga. Ukipiga breki ghafla, mshipi unageuka lakini nzi anaendelea kwenda, halafu anarudi kwa kishindo. Na kwa sababu kitanzi ni chembamba, anapita karibu sana na fimbo na kichwa chako. Akigonga fimbo ya kaboni anaacha ufa ambao huoni, kisha siku umeshika samaki wa maana fimbo inakatika na unalaumu duka. Akigonga jicho, utamlaumu nani?

Hapo ndipo hasira yangu inaanzia. Mwanafunzi anafunzwa kwa nyasi, na kijipande cha uzi wa sufu mwisho wa mshipi, uzito sufuri. Kisha anapelekwa mto Gura, maji ya Nyandarua yanayoshuka kwa fujo, matawi yameinama pande zote, samaki ametulia chini nyuma ya jiwe. Anaambiwa afunge nzi mzito ndiyo afike huko chini. Hakuna mtu amemwambia kwamba mrusho wenyewe unabadilika. Anajidunga kofia, anajidunga sikio, anaachia mti nzi watatu, na mwalimu anasema, "Huyu hana mkono." Nimesikia hiyo kwa masikio yangu, ikisemwa juu ya kijana aliyelipa pesa zake. Mkono anao, buda. Alichonyimwa ni somo la dakika 20.

Somo lenyewe hili hapa, bure. Fupisha ule uzi mwembamba wa mwisho. Punguza kasi, usichape, beba. Ukienda nyuma, pitisha fimbo kwa upande, chini kidogo, halafu bila kusimama izungushe ije mbele juu ya kichwa, kama unachora yai. Wanaiita mrusho wa Kibelgiji. Siri yake ni kwamba mshipi haulegei hata sekunde moja, kwa hivyo nzi hapati nafasi ya kurukaruka. Kitanzi kikiwa kipana wacha kiwe kipana, ndicho kinapitisha chuma mbali na sikio lako. Rusha mara moja hewani, achilia, basi. Mahali nyuma ni kichaka tupu, wacha maji yanyooshe mshipi upande wa chini wa mto, mvuto wake ukunje fimbo, kisha upeleke juu kwa mrusho mmoja. Na nzi akiwa amezama, mlete kwanza karibu na uso wa maji kabla ya kumwinua. Ukimng'oa kutoka chini atakujia usoni kama jiwe la manati. Miwani na kofia kila siku, hata ukiwa kwa nyasi. Na hapo kwa nyasi tumia shanga halisi, ndoana ikiwa imekatwa ncha.

Inakaa vibaya? Ndiyo. Hakuna mtu ataiwekea muziki wa polepole TikTok. Lakini trauti anakula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, na yeye haangalii kitanzi chako.

Mkishindwa hapo mnaleta "mila". Mila gani? Trauti wenyewe ni wageni. Ewart Grogan ndiye alileta mayai kutoka Uskoti mwaka 1905 na samaki wakaingizwa Gura. Heshima zenu zilikuja kwa mzigo uleule, na hata Waingereza walizigombania. Frederic Halford alihubiri nzi anayeelea. G. E. M. Skues akaandika kitabu mwaka 1910 kumtetea anayezama, na 1938 bado klabu yao London ilikuwa inajadili jambo hilo kama kesi. Frank Sawyer, mtunza mto Avon, yeye alimfunga nzi wake kwa waya wa shaba nyekundu makusudi azame. Leo nzi huyo yuko kwa visanduku vyenu. Nimeviona.

Na hii si stori ya mtindo tu. Najua vijana wa upande wa Othaya wanaokujua kila shimo la mto ule, na kazi wanayopewa ni kubeba mifuko. Wakishika fimbo wanaambiwa mrusho wao ni wa kishamba. Mrusho huohuo ndio unafikisha nzi chini.

Hoja moja nawapa: kwa maji mafupi, tulivu, samaki wakidonoa juu, nzi mzito ni ujinga. Atatua kama kokoto na wote watatoroka. Hapo chora vitanzi vyako vyembamba, nitakupigia makofi.

Lakini kabla uniambie huu si uvuvi, twende Gura mvua ikiisha, maji yakiwa bado na rangi ya chai. Wewe na nzi wako anayeelea, mimi na yai langu. Miwani nitakubebea.